Siku Kisima Kilipokishinda Kituo cha Angani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa wembe. Nilikuwa nimevaa gauni jipya, nimepaka hina, na wiki nzima nilikuwa nimesimama mbele ya kioo nikisema "Hapa ni Dar es Salaam" kwa sauti ya kubana pua, maana nilidhani nimeajiriwa redioni ili nisikike. Mkuu wa Vipindi, mwanamume mrefu ambaye hakuwa akijibu neno mpaka amalize kutafuna karanga zilizomo mdomoni, aliniangalia toka kilemba hadi viatu. Akavuta mtoto wa meza, akatoa wembe uliofungwa kwenye karatasi, akanipa.

"Binti Saida, kaa pale," akasema. "Ukisikia kikohozi, kikate."

Ninyi mnaorekodi kwa simu hamtaelewa, kwa hiyo naeleza. Enzi hizo sauti ilikaa kwenye kanda ya rili, utepe mwembamba wa kahawia uliozunguka kwenye magurudumu mawili. Ukitaka kuondoa neno, unauvuta utepe kwa mkono polepole mpaka usikie neno linapoanzia na linapoishia, unatia alama kwa penseli nyeupe, unakata pande zote mbili, halafu unaziunganisha ncha kwa gundi. Kazi hiyo tuliiita kusafisha kanda. Nilisafisha kanda mpaka nikawa nawajua wakubwa wa nchi hii kwa namna wanavyomeza mate. Nilijua nani anasoma hotuba aliyoandikiwa na nani ameiandika mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Studio ilikuwa Upanga, ghorofa ya juu, na majirani zetu wa chini walikuwa familia za Kihindi zilizokuwa zikikaanga bizari kila ifikapo adhuhuri. Habari za saa saba mchana tulizisoma tukiwa tumejaa mate mdomoni. Mkuu wa Vipindi alikuwa na sheria moja tu ambayo aliirudia mpaka ikatuchosha: "Kikohozi kata. Mtu akinyamaza, usikate mpaka uniulize." Niliona ni ukaidi wa mzee. Utepe ni ghali, mtu amenyamaza, kwa nini tumwekee ukimya wake?

Baadaye nilihamishiwa habari, nikapewa bandari. Mhariri wa Habari alikuwa mwanamke pekee katika jengo lile mwenye ofisi yenye mlango, na mlango huo aliufunga kwa kishindo kila asubuhi ili tujue amefika. Ripoti yangu ya kwanza ilianza, "Meli moja kubwa imetia nanga." Hakunisubiri nimalize.

"Meli zote hutia nanga, Saida. Imebeba nini, na nani anaisubiri?"

Nikarudi bandarini kwa miguu, nimekasirika, jua linawaka. Nikawauliza mawakala wa forodha, nikawauliza makuli, nikampata mama mmoja aliyekuwa akisubiri jeneza la mumewe, baharia, lililokuwa ndani ya meli ile. Hiyo ndiyo ikawa habari. Miaka niliyokaa bandarini ndiyo niliyoipenda kuliko yote, na laiti wangeniacha huko.

Hawakuniacha. Nilipofika umri wa kuitwa Bi Saida badala ya Binti, redio ikaanzisha mdahalo wa hadhara Kariakoo, na mimi nikafanywa mwongozaji. Hapo ndipo ilipoanzia hasira ambayo hadi leo haijaniisha.

Ninyi nyote mmepita shuleni, kwa hiyo ugonjwa ninaousema mnaujua. Ijumaa mchana, mwenyekiti na katibu wako mezani, mtunza muda ana kengele, na ubaoni imeandikwa mada: "Mkulima ni bora kuliko daktari." Ijumaa inayofuata: "Maji ni bora kuliko moto." Inayofuata: "Mama ni bora kuliko baba." Huku wanaunga mkono, kule wanapinga, mwishoni mwalimu anatangaza mshindi na watu wanapigiwa makofi. Hakuna anayeuliza mkulima akiugua anatibiwa na nani, wala daktari anakula nini. Tumelelewa hivyo. Mtu anaingia utu uzima, anapata kazi, anapata wajukuu, na bado kila jambo unalomletea analigawa mara mbili na kutafuta lipi lishinde.

Redio, badala ya kututibu, ikatuongezea dozi. Kila Jumamosi tulifunga spika kubwa mbili kwenye kona moja ya Mtaa wa Narung'ombe, tukaweka meza yenye kitambaa, maikrofoni tatu na kengele. Mada zilitoka ofisini zikiwa zimeshapikwa. "Bajaji ni bora kuliko bodaboda." "Mke wa mjini ni bora kuliko wa kijijini." Hiyo ya pili ilitaka kuvunja ndoa mbili mbele ya macho yangu. Niliandika barua, nilisema kwenye vikao, nilinung'unika kwenye ngazi. Wakati huo Mkuu wa Vipindi wangu wa karanga alikuwa ameshastaafu, na kiti chake kilikaliwa na Mkurugenzi wa Maudhui. Ni kazi ileile, cheo tu kimerefushwa. Alikuwa kijana mwenye suruali ya kubana, mwenye adabu, na mwenye kichwa kigumu kama nazi isiyotaka kupasuka.

"Mama, mtu akiwa sokoni hataki maswali," alikuwa akiniambia. "Maswali anayo nyumbani. Sokoni anataka mshindi."

Sasa zikaja habari za kituo cha angani. Kile kikubwa ambacho mataifa kadhaa yalikijenga pamoja, yakikipeleka juu kipande kipande, na ambacho kwa zaidi ya miaka ishirini hakijawahi kulala bila mtu ndani. Tukaambiwa kimechakaa, na kwamba miaka michache ijayo kitasukumwa kishuke, kiungue kikipita hewani, na mabaki yaangukie baharini mbali na makazi ya watu. Wenye kituo wakaanza kubishana. Wengine wanataka kijengwe kingine. Wengine wanasema waachiwe wafanyabiashara. Wengine wanasema watu wasipelekwe tena, zipelekwe mashine tupu, kwa kuwa mashine haili, haiugui na haina mama anayeisubiri.

Kariakoo haina habari isiyoihusu. Ndani ya wiki moja wauza mashuka walikuwa wanabishana kuhusu kituo kile utadhani kimejengwa Gerezani, mtaa wa jirani. Nikaona nimepata mada ya maana, nikaiandika vizuri: Je, binadamu aendelee kuishi angani, au mashine zinatosha? Nikaipeleka kwa Mkurugenzi wa Maudhui nikiwa na furaha, jambo ambalo ningepaswa kuona ni dalili mbaya.

Akaisoma. Akatabasamu. Akaifuta, akaandika: "Kituo cha angani ni bora kuliko kisima."

"Kisima kipi?" nikamuuliza.

"Kisima tu, mama. Cha maji."

"Nani amesema wanaojenga kituo walikuwa njiani kuja kutuchimbia kisima wakaghairi?"

"Ndiyo maana unaitwa mdahalo," akasema, na akapokea simu.

Upande wa kupinga haukuwa na shida. Tulimpata mhadhiri mmoja ambaye hakuwa amewahi kushindwa mdahalo tangu darasa la sita, na alikuwa tayari kupinga chochote mradi kuna kengele. Upande wa kuunga mkono ndio uliokimbiwa. Nani atasimama Kariakoo akiwa kinyume cha maji? Nikaambiwa yupo daktari kijana, Aneth Mushi, anafanya kazi hospitali moja hapohapo Upanga, anayajua mambo hayo. Nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unajua habari za watu wa angani."

Akacheka kidogo, halafu akanieleza. Alikuwa amepata nafasi nje ya nchi, akasomee udaktari wa wanaanga, yaani kuwatunza wanaokwenda huko kabla hawajapanda, wakiwa juu, na wakisharudi wamelegea mifupa. Nafasi yenyewe ilikuwa ya kuombwa na wengi. Kazini wamemruhusu, nauli ameshapata. Kilichobaki ni kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichomkondesha. Baba yake amekataa.

"Amesemaje?"

"Hajasema, mama. Hilo ndilo tatizo. Tumekaa kikao cha familia, wajomba wameongea, mchungaji ameongea, yeye anatazama mezani tu. Mwisho anasema, 'Hapana,' ananyanyuka. Siwezi kuondoka bila baraka yake. Wengine wanaweza, mimi siwezi. Nitasoma nini huku najua baba hajaniachia?"

Baba mwenyewe nilikuwa namfahamu kwa sura. Mzee Mushi, Mchaga wa Machame, muuza vitenge kwa jumla, duka lake lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye spika zetu. Huyu binti alikuwa ameshaliwazia hilo kabla yangu.

"Nyumbani nikifungua mdomo anawasha televisheni," akasema. "Jumamosi hawezi kuzizima spika zenu. Nitakuja."

Jumamosi ikafika. Mtaa ulikuwa umejaa mpaka waendesha mikokoteni walikuwa wakipiga kelele "Pisha, pisha, mzigo!" hata pale ambapo hapakuwa na pa kupisha. Nikafungua, nikataja mada kwa shingo upande, nikamkaribisha mhadhiri.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda makini, wapinzani wangu msio na hoja, na wananchi wa Kariakoo mlio na kiu!"

Makofi. Kabla hajasema lolote, alikuwa ameshashinda. Akazungumza habari ya ndoo, foleni ya maji na mtoto wa shule anayechelewa. Yote kweli, na yote hayakuhusiana na kituo cha angani. Mabinti wa duka la vipodozi wakaanza kuitikia "Kisimaaa!" kila anapovuta pumzi.

Akafuata Aneth. Akaeleza kwa utulivu kwamba kule juu maji ni adimu kuliko popote, kwa hiyo wanayasafisha na kuyanywa tena, hata jasho, hata mkojo.

"Wanakunywa mikojo!" mtu akapiga yowe kutoka juu ya marobota. "Na pesa zote hizo!"

"Mnaona?" akasema mhadhiri, akiwa amenyakua maikrofoni bila zamu yake. "Hata yeye anazungumzia maji. Kisima kimeshinda!"

Mtaa mzima ukacheka. Nikagonga kengele. Nikagonga tena. Aneth akaendelea, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kupungua, na macho yake yalikuwa yakienda mlangoni mwa duka la baba yake kila baada ya sentensi. Niliumia. Niliona binti wa watu akipoteza jambo kubwa la maisha yake katika mchezo wa darasa la sita.

Ndipo Mzee Mushi akatoka. Alikuwa na futi ya kupimia vitambaa shingoni, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Watu wakampisha, maana nusu yao huchukua mzigo kwake. Akaja hadi mezani, akanyoosha mkono apewe maikrofoni. Mtunza muda wetu, mfanyakazi mwaminifu wa redio, akaishika isitoke.

"Mzee, unaunga mkono mada au unapinga mada?"

"Nina swali."

"Lazima utaje upande, mzee. Ndio utaratibu."

"Mpe," nikasema. Sijui nilisema kwa sauti gani, lakini alimpa.

Mzee Mushi aliishika ile maikrofoni kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. Hakumtazama mhadhiri. Alimtazama binti yake.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Mtu akifia huko juu, anarudishwaje kwao?"

Mtaa ukatulia. Si kutulia kabisa, Kariakoo haitulii, jenereta lilikuwa linanguruma na mahali fulani mtu alikuwa anauza sumu ya panya kwa kipaza sauti. Lakini watu waliokuwa wametuzunguka walinyamaza, kwa sababu wote waliujua uzito wa swali lile. Hakuna asiyejua Wachaga na kuzika kwao. Mtu wao akifia Dar, kesho yake gari limekodiwa, wanasafiri naye mpaka mlimani, wanamlaza kwenye kihamba, lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa ambako babu yake amelala na baba yake amelala. Hata afie ughaibuni, atachangiwa arudi. Kumbe muda wote ule, kwenye vikao vyote vile, mzee alikuwa akiangalia meza na kuona kaburi ambalo halina mtu.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Mzee Msangi, Mpare, muuza kofia wa duka la pili. Mpare na Mchaga ni watani, na mtani ndiye pekee anayeruhusiwa kutia mzaha penye msiba.

"Mushi, usihangaike," akasema. "Mchaga akifia angani, hapa chini tudondoshe shilingi kwenye sakafu. Akisikia ule mlio atashuka mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko mpaka mwenye mkokoteni akaacha mzigo wake. Mzee Mushi naye akacheka, mabega yakatikisika, akafuta macho kwa ncha ya futi yake.

"Ahsante mtani. Na wewe Mpare, kwa kupenda mahakama, ukifia huko utafungua kesi na kaburi. Lakini swali langu lijibiwe."

Na hapo, jamani, hapo ndipo ulipoanza mdahalo. Nilikuwa nimeusubiri miaka yote ile. Sheikh mmoja kijana akasema anayekufa safarini baharini ana taratibu zake za kuoshwa na kuswaliwa na kushushwa majini, lakini huko ambako hakuna juu wala chini, kibla ni wapi? Mwenye mkokoteni akauliza familia huambiwa na nani, na wanaambiwa mapema au baada ya redio. Mama muuza maandazi akasema mwanawe ni baharia, miaka miwili hajamwona, na kwamba tofauti ya bahari na anga haioni, bora mtu awe ametaka mwenyewe. Mwingine akamjibu kwamba kutaka mwenyewe hakumwondolei mama yake haki. Sasa ndiyo wakaulizana kama mtu apelekwe au mashine itoshe, na hakuna aliyelitaja neno "bora". Mhadhiri wetu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanyoosha mkono kuomba zamu.

Sikioni nilikuwa na kile kidude ambacho Mkurugenzi wa Maudhui alikitumia kunisemesha akiwa studio.

"Bi Saida, mshindi."

Nikajifanya sisikii.

"Mama, mshindi! Tangazo la sabuni linasubiri."

Nikageuka nyuma, nikanong'ona kwenye maikrofoni yangu ya pembeni, "Mzee hajajibiwa."

"Hiyo mada haipo kwenye ratiba. Chukua makofi, funga."

Kabla sijamjibu, kwenye spika ukaanza kuingia muziki wa tangazo, taratibu, halafu kwa nguvu, na mama wa maandazi akawa anafungua mdomo bila kusikika. Ningefanya nini? Nikaita makofi ya kituo, yakaja machache. Nikaita makofi ya kisima, mabinti wa vipodozi wakapiga vigelegele. Kisima kikatangazwa mshindi, likaja tangazo la sabuni ya unga. Hadi leo sijasikia kisima kilichochimbwa kwa makofi yale.

Fundi akaanza kukunja nyaya. Watu hawakuondoka. Aneth akazunguka meza, akasimama mbele ya baba yake bila maikrofoni, na sisi wote tukasogea.

"Baba, sitakudanganya," akasema. "Kwenye kituo kile hajafia mtu. Waliokufa, wamekufa wakati wa kupanda au wa kushuka. Mtu akifia pale, kuna namna ya kumhifadhi, na chombo kikishuka anaweza kuteremshwa nacho. Lakini sasa wanataka kwenda mbali zaidi, mwezini wakae, na kuupita mwezi. Huko jibu bado. Wanabishana, na wanaoulizwa ni madaktari. Hilo swali lako ndilo ninalokwenda kusomea. Wasife. Na wakifa, warudi."

Mzee Mushi akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali bei.

"Na wewe utapanda?"

Nilitaka kumkanyaga yule binti mguu. Sema hapana, mwanangu. Neno moja tu, utapewa baraka, utapanda ndege, mengine mtayamaliza kwa simu. Yeye akakaa kimya muda mrefu, na mara hii hakukuwa na mtu wa kumletea muziki wa sabuni.

"Wakinichagua, baba, nitapanda."

Mzee akashusha miwani machoni, akageuka, akarudi dukani kwake. Aneth akabaki anatazama mgongo ule. Nikamshika mkono.

Nilirudi Upanga nikiwa nafoka. Nilimkuta Mkurugenzi wa Maudhui anafurahi, simu mkononi, ananionyesha jumbe za wasikilizaji.

"Mama, umeona? Tumevuma!"

"Mzee wa watu ameuliza atamzika wapi mtoto wake, mkamtangazia sabuni."

"Lakini mama, lile swali lingetuchukua mpaka magharibi. Lile swali halina mshindi."

"Ndiyo," nikamwambia. "Halina." Nikaona hajanielewa, na kwamba hata nikikaa pale miaka mingine kumi hatanielewa, nikaenda kunywa chai. Miezi michache baadaye nikastaafu. Waliniaga kwa keki, na kwenye hafla hiyohiyo, Mungu wangu, wakafanya mdahalo: "Kustaafu ni bora kuliko kuajiriwa." Nilipewa upande wa kuunga mkono. Nilishinda.

Sasa nipo nyumbani, napika, nafua, na nasikiliza redio nikiwa na rimoti mkononi ili niizime nikishindwa kuvumilia. Vijana wa kazi ile huja kuniuliza siri ya kuongoza mdahalo. Nawaambia hakuna siri: mtu akisema ana swali, msimuulize yuko upande gani, na akinyamaza msimwekee muziki. Wanaandika, wanashukuru, wanaondoka. Jumamosi nawasikia: "Chapati ni bora kuliko mkate." Nazima.

Kituo chenyewe bado kinazunguka juu yetu, na wenye nacho bado wanabishana. Kila nilipoisikia habari yake nilikuwa namkumbuka yule binti na kuona uchungu, maana sikujua mambo yake yaliishia wapi, na niliogopa kuuliza. Mwezi uliopita nikashindwa. Nilikuwa na harusi ya mpwa wangu, nikahitaji vitenge vya sare, nikasema nitaenda kwa Mushi, liwalo na liwe.

"Karibu Mama Mdahalo," akasema aliponiona. "Leo unaunga mkono au unapinga?"

"Leo nanunua. Aneth hajambo?"

"Ameshaondoka. Yuko huko, baridi inamla."

Nikakaa kwenye robota bila kukaribishwa. "Ulimpa baraka?"

Akakunja kitenge alichokuwa nacho, akakiweka, akaniambia. Baada ya siku ile ya spika hakulala vizuri. Mwisho alifunga duka, yeye ambaye huwa hafungi mpaka Krismasi, akamchukua Aneth wakaenda Machame. Akawaita ndugu zake wa kiume kihambani, wakasimama kwenye migomba nyuma ya nyumba aliyoishi mama yao. Kihamba cha Mchaga hurithiwa na watoto wa kiume. Binti ataolewa, atakuwa na kwao kwingine, huko ndiko atakakozikwa. Mbele ya ndugu wote, Mzee Mushi akaonyesha kipande kwa mkono, akasema hicho ni cha Aneth. Akapanda masale pembe zote nne, ule mmea ambao kwao ukishapandwa mpakani hakuna wa kuung'oa.

"Nikawaambia, akirudi mzima atajenga hapa. Akirudi vingine, atalala hapa. Na huko anakokwenda wajue kuna mahali anasubiriwa. Halafu nikamwambia mwenyewe, haya, nenda."

"Ndugu zako wakakubali?"

"Wakubali wapi! Mkubwa amenuna mpaka leo. Yule mdogo ndiye aliyejifanya ana hoja. Akaniuliza, 'Kaka, na akiolewa?'"

"Ukamjibuje?"

Mzee Mushi akapandisha miwani kwenye paji la uso, akavuta kitenge kingine kutoka rafu ya juu.

"Nikamwambia amlete na huyo mume. Tutasogea."